Soma ukingo kwanza: trei za zamani za baa na viwanda vya bia vya Afrika Mashariki

Ukikuta trei ya zamani ya baa kwenye rundo la muuza vyuma chakavu, usianze na picha. Tembo, simba na mlima wenye theluji vimechapwa na kuchapwa tena kwa miongo mingi, na hata leo vinatengenezwa vipya kwa sura ya kizamani. Anza na maandishi madogo ya ukingoni na ya mgongoni: jina la kampuni, jina la mji, sanduku la posta. Kampuni za bia za ukanda huu zimeungana, zimetaifishwa, zimeuzwa na kubadilishwa majina mara nyingi, na miji yake nayo imebadilishwa majina. Mstari mmoja wa herufi unaweza kukuambia umri wa trei kuliko rangi yote iliyobaki juu yake.

Kuna kanuni moja ya kushika tangu mwanzo. Maandishi yanakupa mwaka ambao trei haiwezi kuutangulia. Mwaka wa mwisho mara nyingi hayakupi. Kiwanda kikibadilisha jina, trei zilizo ghalani hugawiwa mpaka ziishe, na zilizoko baa hutumika mpaka zitoboke. Kwa hiyo usiandike "ya mwaka 1964". Andika "si kabla ya 1964", halafu tafuta ushahidi mwingine wa kukufungia upande wa pili.

Tuanze na Nairobi. Kenya Breweries ilianzishwa Desemba 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, wakiwa na mshirika wao H. A. Dowding. Kiwanda kilikuwa Ruaraka, na shehena ya kwanza, kreti kumi tu, ilipelekwa Stanley Hotel. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker kwa kumbukumbu ya mkasa huo. Tembo huyo hajaondoka kwenye chapa tangu hapo, ndiyo maana hakusaidii kujua umri. Jina "Kenya Breweries" pekee nalo halitoshi, kwani lilitumika mwanzoni kabisa na lingali linatumika leo. Jina la kutafuta ni "East African Breweries". Hilo lilizaliwa katikati ya miaka ya 1930, baada ya Kenya Breweries kuungana na Tanganyika Breweries, iliyokuwa imeanzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Trei yenye jina hilo haiwezi kuwa ya miaka ya 1920, hata muuzaji akuapie.

Trei za kabla ya Vita Kuu ya Pili ni adimu, na sababu si uzee peke yake. Nchini Kenya, Mwafrika hakuruhusiwa kunywa bia ya chupa ya kizungu mpaka 1947. Soko lilikuwa hoteli, klabu za walowezi na mabehewa ya chakula ya reli, kwa hiyo trei zilizohitajika zilikuwa chache. Baada ya katazo kuondolewa baa ziliongezeka haraka, na trei pamoja nazo. Nyingi za chuma utakazokutana nazo ni za baada ya hapo.

Jina ninalolipenda kuliko yote katika kundi hili ni Allsopp. Hawa walikuwa wapika bia wa Burton upon Trent, Uingereza, na alama yao ilikuwa kiganja chekundu. Mwaka 1934 waliungana na jirani zao wa Burton wakawa Ind Coope & Allsopp. Baadaye jina hilo likawa na kiwanda chake Nairobi, Allsopp (East Africa), kilichomezwa na East African Breweries mwanzoni mwa miaka ya 1960. Abiria wa matatu wa Thika Road bado wanashuka "Allsops" kila siku, ingawa bia yenyewe iliondoka zamani. Kwa mkusanyaji hapa pana mtego: trei ya Allsopp ya Burton na ya Allsopp ya Nairobi ni vitu viwili tofauti. Ya Burton ililetwa na meli au na mtu aliyerudi kutoka masomoni, na Uingereza zimejaa. Ya Nairobi ilitumika kwa muda mfupi zaidi. Kinachozitenganisha ni mji uliotajwa ukingoni. Kama ukingo umeliwa na kutu mpaka mji hausomeki, ilipe bei ya trei ya Burton na si zaidi.

Upande wa Tanzania majina ya nchi yenyewe yanakufanyia kazi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikaungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika Oktoba mwaka huo. Basi trei yenye "Tanganyika" ilibuniwa kabla ya hapo, na yenye "Tanzania Breweries" haiwezi kuitangulia Oktoba 1964. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, Tanzania Breweries ilikuwa miongoni mwa kampuni ambazo serikali ilichukua hisa nyingi. Kwenye orodha hiyohiyo walikuwamo Kilimanjaro Breweries na Metal Box, kampuni ya makopo. Trei za kipindi cha mashirika ya umma zimechakaa vibaya sana, na hilo lina maelezo yake: fedha za kigeni zilikuwa haba, bati na wino vilitoka nje, na baa ilibaki na trei ileile mwaka baada ya mwaka. Ukiona ya wakati huo ikiwa inang'aa bila mkwaruzo hata mmoja, uliza maswali mengi zaidi.

Chapa nazo zinasaidia. Safari Lager ilitoka 1977 na Kilimanjaro Premium Lager ilitoka 1996. Mwaka 1993 serikali iliikabidhi nusu ya Tanzania Breweries kwa South African Breweries, na tangu hapo trei za plastiki zikatawala.

Nitakaa kidogo kwenye plastiki, maana wakusanyaji wengi wanaipuuza na wanakosea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni mbili kubwa zilivamiana: East African Breweries ilikuwa na Kibo Breweries pale Moshi, na Wasauzi walikuwa na Castle Brewing Kenya pale Thika. Vita hiyo iliwagharimu wote. Mwaka 2002 walikubaliana: kila mmoja akafunga kiwanda chake kwenye nchi ya mwenzake, na wakapeana hisa, asilimia 20 kwa 20. Kwa hiyo trei yenye maandishi "Kibo Breweries Ltd, Moshi" au "Castle Brewing Kenya, Thika" inafungika pande zote mbili ndani ya miaka michache. Hakuna trei ya Tusker ya chuma inayokupa uhakika wa namna hiyo. Angalia tu usichanganye jina la bia na jina la kiwanda: Kibo Gold iliendelea kutengenezwa na Tanzania Breweries baada ya Moshi kufungwa, kwa hiyo "Kibo Gold" peke yake haikuthibitishii chochote. Trei hizi bado zinatupwa. Ukiziona, chukua.

Kwa wenzetu wa Kongo na Maziwa Makuu, majina ya miji ni kama tarehe zilizochapwa. Bralima, kampuni ya bia ya Kongo, ilianza Léopoldville mwaka 1923, na bia yake ya Primus ikafuata 1926. Katanga ilikuwa na kiwanda chake Élisabethville, nyumbani kwa bia za Simba na Tembo. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi na Stanleyville ikawa Kisangani. Neno "Zaïre" linakuweka kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Brarudi, kampuni ya bia ya Burundi, ilianzishwa 1955 wakati Bujumbura ikiitwa Usumbura. Jina Bujumbura ni la tangu uhuru wa 1962. Trei yenye "Simba" na "Lubumbashi" bila "Zaïre" inaweza kuwa ya 1966 hadi 1971, au ya baada ya 1997. Hapo ndipo unaposhuka kwenye chuma chenyewe kutafuta jibu.

Uganda nitaipitia haraka: Uganda Breweries ni ya 1946, Port Bell, Luzira, na Nile Breweries ya Jinja ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nchi haikubadilisha jina, wala Jinja haikubadilisha, kwa hiyo maandishi hayasaidii sana.

Vidokezo vidogo vya nyongeza: anwani ya tovuti au namba ya simu ya mkononi inakuleta miaka ya mwisho ya 1990 au baadaye. Onyo la unywaji au la umri kwenye trei ya Kenya mara nyingi ni la baada ya sheria ya vileo ya 2010. "S.L.P." badala ya "P.O. Box" inaelekea Tanzania baada ya uhuru, lakini hiyo ni ishara tu.

Sasa chuma. Utakutana na aina nne. Ya kwanza ni chuma chenye enameli, yaani unga wa kioo uliochomwa juu ya chuma kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Ni nzito, baridi mkononi, na ikimeguka inaonyesha kidonda cheusi chenye kingo kali. Ya pili ni bati lililochapwa: chuma chembamba chenye tabaka la bati, kikachapwa rangi kikiwa bapa, kikapigwa vanishi, kikaokwa, halafu kikagandamizwa kwenye kalibu kupata umbo. Ya tatu ni alumini, ambayo sumaku haiishiki. Ya nne ni plastiki. Nyingi za duara zina upana wa sentimita 30 hadi 35.

Kwenye bati lililochapwa, tazama pale sakafu ya trei inapopanda kuwa ukingo. Kwa kuwa picha ilichapwa kabla ya chuma kukunjwa, rangi ya halisi hunyooka kidogo kwenye mkunjo, na ukiiweka chini ya lenzi ya kukuza mara 10 utaona nyufa nyembamba kama nywele zikifuata duara. Kwenye ya kughushi, ambapo stika imebandikwa juu ya trei tupu ya zamani, mkunjo huo una vipovu au stika imekatwa kabla ya kufika ukingoni. Pitisha ukucha taratibu kutoka kwenye chuma kitupu kuelekea kwenye picha: ukucha ukigonga ngazi, hiyo ni stika. Pahali palipobonyea panasema ukweli pia, kwa kuwa rangi iliyookwa hubonyea pamoja na chuma, lakini stika hupita juu kama daraja.

Vidoti vya rangi vilivyopangwa kama maua madogo chini ya lenzi vinaonyesha picha iliyopigwa kwa kamera ikagawanywa rangi nne. Wengi hukimbilia kusema "feki" wakiviona. Si lazima. Trei za miaka ya 1960 na kuendelea zinaweza kuwa navyo kihalali. Vinakuwa tatizo pale trei inapodai kuwa ya miaka ya 1930.

Kisha tazama uchakavu. Chupa ya nusu lita iliyojaa ina uzito wa karibu kilo 0.9, na chupa sita zinapita kilo 5. Trei iliyofanya kazi hiyo miaka kumi hulegea katikati. Ukiiweka juu ya kioo bapa inayumba. Sakafu yake ina nusu duara nyinginyingi za vitako vya chupa, zikipishana bila mpango, na mikwaruzo ya kila upande. Mgongoni rangi imeisha kwenye pete ya nje inayogusa kaunta, na sehemu moja ya ukingo imeng'aa pale kiganja cha mhudumu kilipokaa. Uchakavu wa msasa huenda upande mmoja, hugusa sehemu zilizoinuka na zilizobonyea sawasawa, na husahau mgongo.

Kusafisha ndiko kunakoharibu trei nyingi kuliko kutu yenyewe. Bati lina tabia ambayo watu hawaijui. Mabati ya paa hupakwa zinki, na zinki huliwa yenyewe kwanza ili chuma kipone. Bati halifanyi hivyo. Likikwaruzwa mpaka chuma kionekane, chuma ndicho kinacholiwa, na kinaliwa kwa kasi pale penye mkwaruzo. Kwa hiyo kila unapokwangua kutu kwa waya wa kusugulia sufuria unafungua vidonda vipya. Siki na limau ni vibaya zaidi: asidi inaondoa kutu kweli, lakini inakula na bati, inaingia chini ya rangi na kuacha doa la kijivu lisilotoka. Sabuni ya unga ina magadi, inafubaza vanishi. Polishi ya gari huwa na chenga za kusaga, na rangi ya dhahabu ndiyo ya kwanza kuondoka.

Fanya hivi. Ondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi, kavu. Chukua pamba kwenye kijiti, iloweshe maji, gusa kila rangi mahali pasipoonekana, ukianza na nyekundu na dhahabu. Pamba ikitoka na rangi, simama hapohapo. Trei hiyo haioshwi. Ikitoka na uchafu tu, weka matone matatu au manne ya sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji ya uvuguvugu, na ufute kipande cha sentimita tano kwa tano kwa wakati mmoja, kwa kitambaa cha pamba kilichokamuliwa. Suuza kwa kitambaa kingine chenye maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa. Ukinunua maji hayo kituo cha mafuta, soma chupa vizuri: maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja. Kausha papo hapo kabla ya kwenda kipande kingine.

Usiitumbukize trei kwenye beseni hata siku moja. Ukingo wake umeviringishwa, na ndani ya mviringo huo kuna uwazi. Maji yakiingia humo hayatoki, na kutu itaanzia ndani, wewe ukiona nje pazuri. Baada ya mwaka mmoja au miwili ukingo unapasuka na maandishi uliyotaka kuyaokoa ndiyo yanaanza kuanguka.

Kutu ya kahawia iliyokoza, ngumu, isiyoacha unga kidoleni, iache. Ile ya machungwa inayoacha unga bado inakula. Weka tone la mafuta ya cherehani juu yake, acha siku nzima, kisha ichokonoe kwa kijiti cha meno cha mbao na ufute. Rudia badala ya kukaza mkono. Mwisho paka nta safi isiyo na rangi, tabaka jembamba kabisa, acha dakika chache, futa kwa kitambaa kikavu. Palipobonyea usipanyooshe kwa nyundo: chuma kitarudi, rangi itapasuka kwa mistari ambayo hakuna wa kuirudisha. Na usijazie rangi palipobanduka. Kama imeshajaziwa na mtu mwingine, mwambie mnunuzi kabla hajauliza.

Enameli inavumilia maji zaidi, ila usiimwagie maji ya moto ikiwa baridi, maana kioo na chuma hutanuka tofauti na vipande vitaruka. Alumini haishiki kutu, lakini Mombasa, Tanga au Unguja utaona unga mweupe ukijitokeza. Futa kwa kitambaa kikavu, paka nta. Plastiki ioshe tu, mbali na jua.

Pwani, hewa ya chumvi inahesabika kuliko umri. Trei iliyokaa Nyeri au Mbeya miaka hamsini inaweza kuwa nzima kuliko iliyokaa Kilindini miaka kumi. Hifadhi zikiwa zimesimama kama sahani kwenye rafu, zisilaliane. Ikibidi zilaliane, tenganisha kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa; gazeti lina asidi na wino wake unahama, na khanga mpya inaweza kuchuja rangi. Mfuko wa plastiki uliofungwa unazuia unyevu usitoke, kwa hiyo uepuke, au angalau weka ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe.

Ukutani, tumia kishikio cha waya cha sahani chenye ncha zilizovishwa mpira wa bomba la maji la akwariamu au kitambaa, kisha uache nafasi ya kidole kimoja kati ya trei na ukuta ili hewa ipite nyuma. Usitoboe tundu. Chagua ukuta usiopigwa na jua la jioni na usiopakana na jiko wala bafu, na kila baada ya miezi mitatu ishushe, igeuze, utazame ukingo kwa lenzi kabla ya kuirudisha.